Mama Mkwe Aondolewe Kiti cha Mbele

Kwa Meneja wa Ukumbi,

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUMZUIA MPENZI WA MUZIKI ASIUPENDE KWA KIASI HIKI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukumbi nao uwe mzima, maana mara ya mwisho tuliuacha na ufa juu ya mlango wa choo cha wanaume. Ufa huo si wetu. Tuliukuta, sisi tumeurefusha tu.

Mimi ni yule mpiga gitaa mwenye viatu vya vyuma, kiongozi wa Bendi ya Tetemeko, tunaopiga roki ukumbini kwako kwa kupokezana na Bendi ya Msumeno: Jumamosi hii sisi, Jumamosi ijayo wao. Umetangaza kwamba mwisho wa mwezi utachagua bendi moja ibaki na Jumamosi zote. Tunazitaka Jumamosi hizo, Ndugu Meneja, tunazitaka kwa roho zetu zote. Kizuizi kimebaki kimoja tu, nacho huketi kiti cha mbele, katikati kabisa, kimevaa gauni la maua na miwani, kinafuma vitambaa. Kizuizi hicho ni mama mkwe wangu.

Chanzo ni adabu yangu mwenyewe. Nilipooa, niliwaambia wakwe kwamba nafanya mambo ya umeme, jambo ambalo si uongo, kwa kuwa gitaa langu lina waya. Mke wangu akaona si vizuri mama yake akae gizani, akamleta siku moja aone kazi ya mkwewe. Mama alikaa mpaka mwisho, akanishukuru, nami kwa malezi niliyopewa nikamwambia, "Karibu tena, mama." Wewe ni mtu mzima, unajua neno hilo linavyosemwa. Husemwa mlangoni, mguu mmoja ukiwa tayari umerudi ndani. Yeye alilichukua kama lilivyo.

Tangu hapo hajakosa. Amekuja siku ya mvua, amekuja ana mafua, amekuja siku ya harusi ya jirani yake. Siku tuliyoahirisha onyesho kwa sababu mpiga besi aliumwa jino, alikuja vilevile, akakaa mbele ya jukwaa tupu, akafuma, akaondoka saa yake ya kawaida. Bawabu anasema alipiga makofi kidogo. Bendi nyingine zingechinja ng'ombe kwa kupata mpenzi wa namna hiyo. Mimi naleta malalamiko, na nitayaweka kwa namba ili usipate taabu.

1. SALAMU. Huwezi kumkuta mama mkwe mahali ukaanza kupiga kelele bila kumsalimia. Kwa hiyo kila onyesho, kabla ya wimbo wetu wa kufungulia, "Nitapasua Ukuta", taa nyekundu zikiwa zimewaka na moshi umetanda, nalazimika kusogelea maikrofoni, kuinama kidogo na kusema, "Shikamoo mama." Mwanzoni aliitikia peke yake. Sasa ukumbi mzima unaitikia. Mijitu yenye ndevu na minyororo shingoni inanyanyua ngumi na kunguruma "Marahabaa", na wengine wanaongeza kuuliza watoto hawajambo. Baada ya hapo, ukuta gani utaupasua?

2. SHATI. Mashabiki wa roki wanategemea kwamba katikati ya onyesho nitavua shati, nijibwage chini, nijigaragaze na gitaa juu ya kifua. Hayo nilikuwa nikiyafanya vizuri, waulize wa zamani. Lakini mkwe hawezi kuniona kifua wazi nikitapatapa sakafuni kama kuku aliyechinjwa. Siku hizi napiga nimefunga vifungo mpaka shingoni. Ninapofika pale pa kujigaragaza, napiga goti moja, taratibu, kama mtu aliyeangusha kifungo.

3. MANENO. Hapa, Ndugu Meneja, naomba unisome ukiwa umekaa. Watu wa kawaida hawasikilizi maneno ya roki. Wanasikiliza kelele, wanafurahi, wanakwenda kwao. Mama husikiliza neno kwa neno. Tulipotoa wimbo wetu "Ulinidanganya, Moyo Wangu Jivu", alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uzi wake. Kesho yake alifika nyumbani kwangu pamoja na kaka zake wawili, wamevaa makoti, kikao kikafunguliwa. Wakamuuliza mke wangu amenidanganya nini. Mke wangu akanigeukia, naye akaniuliza hilohilo. Nikaeleza kwamba ni wimbo tu, niliutunga nikiwa napiga pasi. Mjomba mkubwa akasema hakuna wimbo usio na chanzo, akataka kujua pasi hiyo ilikuwa ya nguo za nani. Ilibidi tupatanishwe, ingawa hatukuwa tumegombana, na nikapewa wosia mrefu kuhusu subira. Ili kulinda ndoa yangu nimebadilisha maneno. Sasa tunaimba "Hukunidanganya, Moyo Wangu Shwari". Jaribu wewe kutikisa kichwa kwa wimbo huo.

4. KITAMBAA. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni na pindo la mawimbi, akanikabidhi mbele ya watu, akasema ni cha kuzuia vumbi kwenye spika yangu. Zawadi ya mkwe hairudishwi wala haifichwi kabatini. Nimekitandika. Bango letu jipya linaonyesha wanaume wanne waliokasirika wamesimama sebuleni kwa mtu.

5. SINDANO. Hayo yote ningeyameza. Hili halimezeki. Katika bendi yoyote, wimbo unaisha kiongozi anapotaka uishe. Mimi huinua shingo ya gitaa juu, wenzangu wanaona, tunapiga pigo la mwisho pamoja, kimya. Hiyo ndiyo sheria. Miezi hii ya karibuni nikawa nashangaa: nainua shingo ya gitaa, bendi inaendelea, sijainua, bendi inakata, nabaki napiga peke yangu kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Nikachunguza. Ndugu Meneja, mpiga dramu wetu hanitazami mimi. Anatazama sindano ya mama. Mama akikaza uzi, jamaa anaongeza kasi. Mama akilegeza, naye anapoa. Mama akifika mwisho wa mstari akailaza sindano gotini, wimbo umekwisha, hata kama mimi bado nina mengi ya kusema.

Nilimweka kitako mpiga dramu, nikamuuliza kwa upole kiongozi wa bendi ni nani. Akajibu bila hata kuona aibu: "Bosi, wewe unainua gitaa kila ukipata raha. Mara sita kwa wimbo mmoja! Mama anaweka sindano chini mara moja tu." Mpiga besi, ambaye kwa kawaida haongei, akasema ni kweli. Nahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na hapa nahodha wa pili hata tiketi ya jukwaani hana.

6. NGUZO. Usiseme sikujaribu njia za amani. Kwanza nilimpelekea pamba aweke masikioni, nikiamini asiposikia atachoka. Akashukuru, akaijazia kimto cha kuchomekea sindano. Ndipo nikamwomba bawabu akihamishe kiti chake nyuma ya ile nguzo nene ya kushoto, na akiulizwa aseme ni kwa sababu ya usalama, spika zisimuumize mzee wa watu. Mama hakubisha, alikwenda akakaa. Onyesho lilipoanza nikasikia vyuma vinakwaruza nyuma yangu. Mpiga dramu alikuwa anageuza dramu zake zote zielekee nguzo. Mpiga besi akageuka naye. Mpiga kinanda akafuata. Nilimaliza jioni ile nikiutazama umma peke yangu, bendi yangu yote imenipa ubavu inatazama nguzo. La kuudhi zaidi ni kwamba watu walidhani ni usanii, wakashangilia.

Sasa basi. Kumwambia mwenyewe asije siwezi, yule ni mkwe. Kumwambia mke wangu siwezi, yule ni mtoto wa mkwe. Imebaki serikali ya ukumbi, yaani wewe. Naomba yafuatayo, na usipoweza yote, fanya lile litakalowezekana: sindano ya kufumia ihesabiwe kuwa silaha na izuiwe mlangoni, au kiwekwe kiwango cha kelele ambazo mtu lazima azipige yeye mwenyewe ndipo aruhusiwe kukaa mbele, au, kwa kuwa sheria nzuri haimlengi mtu mmoja, liandikwe mlangoni tangazo la jumla, kwa rangi isiyofutika, kwamba hairuhusiwi kuingia na chupa, kisu, au mkwe wa mwanamuziki yeyote. Wakwe wa Msumeno nao wamo, nisije nikaonekana nina upendeleo.

Mtu hawezi kuongoza bendi na huku anaongozwa. Nataka ukumbi wako, Ndugu Meneja, lakini nautaka niwe na shati wazi, maneno yangu ya jivu, na wimbo unaoisha nikisema mimi.

Nisalimie mkata tiketi, fundi wa taa, yule mama wa usafi anayetuokotea funguo, na bawabu, ambaye naomba suala la nguzo libaki baina yetu. Nyumbani kwako wote nawasalimu, wakubwa kwa wadogo.

Wako katika kelele halali,

Kiongozi (kwa jina) wa Bendi ya Tetemeko

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni mwa koti langu la ngozi, sikupata nafasi ya kuileta, na katikati yametokea mawili. La kwanza unalijua, maana ulikuwepo. Jumamosi yetu ilifika na kiti cha nyuma ya nguzo kikawa kitupu. Nilifurahi, sitakuficha. Nilifungua vifungo vitatu. Sikumwamkia mtu. Ukumbi ulisubiri ile salamu, haikuja, wakanitazama kama nimewanyima kitu chao. Tukaingia "Nitapasua Ukuta", tukafika mwisho, nikainua shingo ya gitaa. Mpiga dramu akatazama nguzo. Nikainua tena. Mpiga besi naye akatazama nguzo. Tukaurudia mwisho, tukaurudia, kila mtu akimngoja mwenzake akate, hakuna aliyekata. Watu walicheza, wakachoka, wakakaa, wengine wakaenda kununua soda wakarudi, wakatukuta palepale. Nakushukuru kwa kuzima umeme. Bila wewe tungekuwa bado tunapiga.

La pili ni la Jumamosi iliyofuata, zamu ya Msumeno. Nilikata tiketi kama mtu yeyote, nikasimama nyuma, nimevaa kofia. Nyimbo zao zote ziliisha, kwa pigo moja, kama mlango mzuri unavyofungwa. Nikajipenyeza mbele nione wanafanyaje. Kiti cha katikati, Ndugu Meneja. Gauni la maua. Na chini yake wamemwekea mto. Kumbe bawabu, mama alipomuuliza kwa nini amehamishwa, hakutaja spika wala usalama, alinitaja mimi.

Nilipiga goti moja, safari hii bila kuangusha kifungo, nikamwamkia. Aliitikia vizuri, akauliza hali ya mwanawe, hakuniuliza habari ya nguzo. Alisema tu, "Hawa vijana nao walinikaribisha tena, mwanangu. Nami nikikaribishwa huja." Usiache mbachao kwa msala upitao, tuliambiwa tungali watoto, nami nilikuwa naandika barua kuuchana mbachao wenyewe.

Kwa hiyo naomba uyafute yote kuanzia namba moja mpaka sita, pamoja na tangazo la mlangoni, hata kama rangi umekwisha kuinunua. Mimi siwezi kumwomba arudi, yule ni mkwe. Mwombe wewe. Mwambie kiti chake kipo, nguzo nitaibomoa kwa mikono yangu, nitafunga vifungo mpaka kidevuni. Mwambie kabla ya mwisho wa mwezi, tafadhali, na usichelewe, kwa sababu nilipokuwa nimepiga goti pale nilikiona anachofuma. Ni kitambaa cha spika, chenye maua pembeni na pindo la mawimbi. Nimekipima kwa macho, Ndugu Meneja. Si saizi ya spika yangu.