Viti Kumi na Vinne vya Familia ya Yoakum

Ijumaa, 28 Juni 1974

Zimebaki siku sita. Nimehesabu viti gereji: kumi na vinne, vya kukunja, kanda za kijani na nyeupe. Kimoja kimelegea. Hicho atakikalia shemeji Merle.

Tangu 1925 sisi akina Yoakum tunatazama gwaride la Siku ya Uhuru kutoka kona ya Barabara Kuu na Mtaa wa Tatu, chini ya ule mti mkubwa. Na kila mwaka tunapiga picha moja. Marehemu baba aliianzisha kwa kamera yake ya sanduku, na sasa ziko arobaini na tisa ukutani sebuleni kwangu. Mgeni hapati kahawa mpaka amezitazama zote. Hii ya 1943, ndugu yangu alikuwa vitani, tukaweka kofia yake kitini. Hii ya 1951, mke wangu Lavonne amembeba Gary tumboni na amenuna. Hizi zote, tazama Mama anavyotabasamu!

Alhamisi ni ya hamsini. Mama ana miaka themanini na minne, na amesema mwenyewe kwamba huenda ikawa ya mwisho kwake. Gary, mwanangu, anakuja kutoka California na mke na watoto, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Ukoo wote kumi na wanne ndani ya picha moja. Sitaki kingine duniani.

Lavonne anasema ule mti ulikatwa 1966 na kilichobaki ni kisiki. Nimemwambia asituharibie historia.

Tatizo ni Merle. Kamuoa dada yangu Arlene, anang'oa watu meno, na nyumba yake inatazamana na kona yetu, ng'ambo tu ya barabara. Mwaka huu kajenga kibaraza kipya. Kipana, kina paa, kina feni mbili. Na amemwalika Mama, eti bibi mzee akae kivulini. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumamosi, 29 Juni

Desturi ya mji wetu wa Tollerton ni kwamba hakuna anayeweka viti barabarani kabla ya saa kumi na mbili jioni ya tarehe tatu. Ukiviweka wakati huo hakuna atakayevigusa, hata uende zako ukalale. Lakini je, imeandikwa wapi? Nilikwenda mpaka ofisi ya mji kuuliza. Haikuandikwa. Yule karani hata alicheka.

Basi leo asubuhi na mapema nimevipanga vyote kumi na vinne pale kwenye kona, na kibao: YOAKUM, TANGU 1925. Nikarudi nyumbani nikala mayai matatu. Nilijisikia jemadari.

Saa tatu Lavonne akarudi kutoka dukani na sura imebadilika. Watu walipoona viti vyangu waliingiwa na kiwewe. Familia ya Amundsen wakakimbilia vyao. Kinyozi akatoa vyake. Kufikia adhuhuri Barabara Kuu yote ilikuwa viti, pande zote mbili, zimebaki siku tano! Kuna kochi mbele ya benki. Kuna mtu kaweka choo kibovu na jina lake juu. Hakuna pa kuegesha gari. Mwenye duka la vyakula alimwambia Lavonne mbele za watu, "Dada, mfunge mumeo kamba."

Wivu tu. Aliyetangulia ametangulia.

Jumapili, 30 Juni

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya wale wapendao kukaa viti vya mbele. Watu wote wakanigeukia. Mimi nikamgeukia Merle.

Mchana nikaandika barua kwa gazeti letu la mji. Sikutia jina langu. Niliandika: "Je, mhariri anajua kwamba familia moja mashuhuri, inayopendwa na wengi, itapiga picha yake ya hamsini Alhamisi hii? Mwenye macho haambiwi tazama." Nikasaini: Msomaji Asiye na Upendeleo. Lavonne akaisoma juu ya bega langu, akauliza huyo anayependwa na wengi ni nani. Sikujibu. Mke mwema hahitaji majibu.

Jumatatu, 1 Julai

Gary kafika! Nywele zimeshuka mpaka mabegani. Nilimkumbatia, nikafurahi kweli. Halafu nikamuuliza kama anaweza kuziingiza ndani ya kofia siku ya picha. Akasema, "Baba, hata sijaweka mzigo chini." Nikamwambia aweke, nitasubiri.

Saa nne tukafanya mazoezi uani. Marehemu baba alikuwa na sheria moja: jua liwe nyuma ya mpiga picha, usoni mwa wanaopigwa. Nikawapanga kwa urefu. Denise, mke wa Gary, akauliza kwa upole kwa nini watoto wasimame juani dakika arobaini. Nikamweleza urithi ni nini. Mtoto mdogo akatapika. Mama akasema, "Delbert mwanangu, Merle ana feni." Nikajifanya sikusikia.

Gary aliniomba kesho twende mtoni kuvua samaki, mimi na yeye tu, kama zamani. Nikamwambia hilo wazo zuri sana, tutakwenda picha ikishapigwa. Akasema Ijumaa asubuhi wanaondoka. Basi mwaka kesho, nikasema.

Jumanne, 2 Julai

Siku ya balaa. Nilisahau kwamba pale kwenye kona kuna kanisa la Walutheri, na kwamba leo wanamzika bibi Tillie Amundsen.

Nilikwenda saa tano kukagua viti vyangu nikakuta wafiwa wamevikalia vyote. Nguo nyeusi tupu! Walipotoka ibadani waliona viti vimepangwa mlangoni, wakadhani kanisa limewaandalia. Kimoja, kile kilicholegea, kakikalia mtoto mkubwa wa marehemu, mtu wa kilo mia na ushee, analia. Kila akilia kiti kinalia naye.

Ningefanyaje? Humwambii mfiwa ainuke. Nikasimama pembeni nimevua kofia. Mama mmoja akanishika mkono, akaniuliza nilimfahamu vipi marehemu. Nikasema tulikuwa karibu. Uongo ule! Wakaniingiza kwenye chakula cha msibani. Nikala nyama ya nguruwe, nikala bakuli la tambi na jibini, nikaombwa niseme maneno mawili. Nikasema bibi Tillie alikuwa mtu wa kuthamini nafasi yake. Watu walilia.

Kiti kilichanika kanda mbili. Nimekirudisha nyumbani nikakifunga kamba. Bado ni cha Merle.

Jumatano, 3 Julai

Asubuhi nikamwambia Mama, kama mtu anayependa usalama tu, kwamba nimesikia kibaraza cha Merle kina nyigu. Sikusikia popote. Nilidhani ataogopa. Akainua simu pale pale akampigia Merle: "Merle, chungulia juu ya dari, Delbert anasema kuna nyigu." Merle akachungulia. Kulikuwa na kiota kikubwa kama kichwa cha mtoto! Akaleta mtu kukiondoa, kisha akaja mwenyewe na pai ya cheri kunishukuru. "Shemeji, umetuokoa. Ningemkalisha Mama chini ya balaa lile!" Akanikumbatia. Mama akasema sasa hana wasiwasi tena na kile kibaraza.

Pai ilikuwa tamu, nitasema ukweli. Nilikula nusu kwa hasira.

Mchana likaja pigo la pili. Ofisi ya mji imechoshwa na viti, imebandika tangazo kila nguzo. Kuanzia kesho saa tatu asubuhi, kiti kisicho na mtu karibu yake si kiti cha mtu, yeyote achukue nafasi. Sheria mpya, ya kwanza ya viti katika miaka mia moja ya Tollerton. Wanaiita kwa jina langu mitaani. Nilifurahi kidogo, mpaka nikaelewa maana yake. Kesho lazima nikae pale, nisibanduke hata kwa haja.

Jioni Gary aliniuliza kwa nini nisimwachie Mama achague mwenyewe pa kukaa. Huyu kijana California imemharibu.

Alhamisi, 4 Julai

Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye kona. Saa tatu akina Amundsen wakaanza kunizunguka, wanane, wamebeba blanketi. Nikaweka viatu juu ya viti viwili, soksi juu ya vingine viwili, kofia, koti, mkanda. Nikalala juu ya vitatu. Yule mkubwa akasema, "Bwana Yoakum, juzi ulitulilia msiba, leo unatunyima kiti?" Nikamwambia msiba ni msiba na kona ni kona.

Saa tatu na nusu nikaliona gari la Gary. Moyo ukaruka! Likaja polepole, likakata kulia. Likasimama kwa Merle.

Akashuka Lavonne, wakashuka watoto, Denise, Gary. Merle akateremka ngazi akampa Mama mkono kama malkia. Nikapunga. Nikapiga mluzi. Nikapaza sauti kwamba wamekosea nyumba! Mtoto mdogo akanipungia kwa aiskrimu.

Arlene akavuka barabara kunifuata. "Kaka, njoo. Mama anakuita. Ana joto, hawezi jua hili." Nikamwambia waje wao, gazeti limepiga simu kwamba mpiga picha wake atafika saa nne, picha inapigwa kwenye kona, imekuwa hivyo miaka hamsini. Akanitazama nimelala juu ya viti bila viatu, mkanda umefunguka. Akasema, "Unajua kwa nini Mama anatabasamu kwenye zile picha zote? Hatabasamu. Anakunja uso kwa jua. Mara arobaini na tisa jua la saa nne machoni, kwa sababu Baba alitaka na hakuna aliyemuuliza yeye. Leo ameulizwa. Na Merle ndiye aliyeuliza."

Yale maneno yaliniingia, siwezi kusema hayakuingia. Niliinua mguu mmoja nishuke. Kweli niliinua! Amundsen mmoja akasogeza blanketi. Nikaurudisha.

Nikamwambia Arlene dakika tano tu, wakiona siji watakuja. Akasema mtaka yote hukosa yote, akavuka.

Gwaride likaanza. Likanitenga nao. Likapita gari la zimamoto, wakapita wazee wa vita, bendi ya shule, matrekta kumi na tisa. Kati ya trekta na trekta niliwaona, wote upande ule, wanacheka, Mama kavua viatu. Mpiga picha akaja kwangu, akauliza familia ya Yoakum iko wapi. Nikasema ndiyo hii. Akavitazama viti. Nikamwonyesha kidole ng'ambo, nikamwomba awalete hapa. Akavuka katikati ya farasi, akaongea nao, wakajipanga kibarazani, naye akarudi upande wangu, nyuma ya viti. Jua mgongoni mwao! Kinyume kabisa cha sheria! Nikapiga kelele kwamba wasubiri, lakini bendi ya pili ilikuwa imefika na matarumbeta.

Niliona mwanga wa kamera. Mara moja tu.

Gwaride lilipokwisha nilibeba viti kumi na vinne kurudi navyo nyumbani, safari tatu. Hakuna aliyekalia hata kimoja.

Ijumaa, 5 Julai

Gary na watoto wameondoka saa moja. Nilikuwa gereji nafunga kiti nikamsikia ananiita. Alinishika bega akasema, "Baba, tulikukosa jana." Nikamwambia mimi nilikuwepo siku nzima, hadharani, kila mtu aliniona. Gari lilipopinda kona nililia. Nimeandika ili niwe nimesema. Nililia sana.

Gazeti limetoka leo badala ya jana kwa ajili ya sikukuu. Picha iko ukurasa wa kwanza. Nzuri, siwezi kukataa. Mama yuko katikati, macho yamefunguka yote mawili. Sikuwahi kujua ni makubwa vile. Gary kamkumbatia na nywele zake zote. Merle yuko nyuma, anang'aa meno.

Chini wameandika: "Familia ya Yoakum katika picha yao ya hamsini mfululizo, wote kumi na watatu." Kumi na watatu! Nikachukua miwani. Huku mbele, pembeni ya picha, barabarani, kuna bega na mkono umeinuliwa juu ya safu ya viti vitupu. Wameandika: "Kushoto, mtazamaji asiyejulikana."

Lavonne aliniletea chai akakaa nami. Nilikaa na ile picha mpaka chai ikapoa. Na hapo nikaelewa kosa langu, lote, tangu mwanzo.

Nilichagua kona mbaya.

Kibaraza ndicho mahali petu! Nuru iko vizuri, Mama anapapenda, familia imeshapazoea. Nimekwisha andika kibao kipya: YOAKUM, KIBARAZANI TANGU ZAMANI. Nimepima kwa macho kutoka barabarani, viti vyangu kumi na vinne vinaenea pale bila shida, tukivitoa vya Merle. Yeye hajui bado. Mwaka huu watu waliniwahi, lakini mwakani nitaviweka mwezi wa tano, wakati Merle na Arlene wako safarini. Na atakayethubutu kuvigusa atanikuta nimelala juu yavyo.