Kiwanja cha Kona, Ipagala

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimeonewa! Jirani yangu Asnath, muuza sharubati ya zabibu, amenunua kile kiwanja cha kona hapa Ipagala. Kiwanja changu! Sijakilipia, kweli, lakini nakitamani tangu enzi ambazo pale hapakuwa hata na barabara. Kaja mwenyewe kututangazia, mkataba mkononi, sauti ya kitajiri. Mke wangu Edina aliendelea kuchambua mlenda. Wanawake hawana uchungu na ardhi.

Jioni nikaenda dukani kwa Dharmesh, muuza mabati. Akanipa kisa cha mjomba wake. Alinunua nyumba, akalipa, akafungia mkataba kabatini, akalala. Mwingine akaja kununua nyumba ileile baadaye, ila yeye akawahi kuisajili. Mjomba akabaki na mkataba na kabati. Nikamuuliza kama ni kweli anayetambuliwa ni aliyetangulia kusajili, si aliyetangulia kulipa. Akasema ndivyo, isipokuwa kama huyo wa pili alijua fika kwamba... Sikumsikiliza hadi mwisho. Nilishasikia cha kutosha!

Asnath kesho anakwenda Hombolo kuvuna zabibu. Kusajili mpaka arudi. Ole wake!

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Mlali, kwa Eliakimu, muuzaji mwenyewe wa kiwanja. Njia nzima nilitunga hotuba ya kumshawishi. Nilipotamka tu neno "kona", akadakia, "Nakuuzia, kaka. Una nini?" Hotuba nzuri, imeharibika. Nimemwachia pikipiki yangu, tumeandikiana, nimerudi juu ya lori la alizeti. Vumbi mpaka kwenye meno. Ushindi!

Edina kauliza pikipiki iko wapi. Nimesema iko kwa fundi.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa! Asnath karudi mapema. Mnunuzi kachukua zabibu zote kwa mkupuo. Anataka kusajili kesho, na kaja kuniuliza ofisi iko wapi, maana mimi ndiye mtu wa mjini. Nikamwelekeza Mtumba, kule kwenye wizara, jengo la mwisho kabisa. Kanishukuru, kaniachia chupa ya sharubati. Nimeinywa huku dhamiri ikinisuta. Tamu sana.

Sirudi nyuma. Kesho naingia mjini alfajiri, kwenye ofisi yenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilipanga foleni nimetulia kama askofu. Nikafika mbele. Dirisha la bili za maji!

Nikakimbilia jengo la pili. Nani yuko mlangoni? Asnath! Watumishi wa Mtumba walimcheka, kisha mmoja wao aliyekuwa anakuja mjini akampa lifti. Tukasukumana mpaka kwenye meza, mimi kwa kiwiko, yeye kwa kikapu. Mikataba miwili ikatua kwa pamoja. Karani akasoma namba, akabofya kompyuta yake, akatutazama kama watoto waliokojoa kitandani.

"Kiwanja hiki kimeshasajiliwa tangu Mei."

Asnath akauliza kwa jina la nani.

"Edina Chidawali."

Mke wangu! Asnath akanigeukia. Aliyoyasema siyaandiki.

Ijumaa, 15 Agosti

Edina hakuficha. Alinunua kwa Eliakimu mwezi wa tano, kwa hela zake za kikoba, kile chama chao cha kuweka na kukopa. Kwanza aliomba ofisini wamwangalizie kama kiwanja hakina mwenyewe mwingine, ndipo akalipa, na wiki ileile akasajili. Nikamuuliza kwa nini alinificha mimi, kichwa cha nyumba.

"Ningekuambia, Baba Upendo, si ungekuwa umeshakiuza?"

Kisha akauliza tena habari ya pikipiki. Nikainama kufunga kamba za viatu. Akaelewa. Akacheka, halafu machozi yakamtoka.

Asnath ndiye aliyelia hasa. Mavuno yake ya mwaka jana yote yalikwenda kwa Eliakimu, na Eliakimu hapatikani kwenye simu. Edina kampeleka polisi. Nikafuatana nao, nami si nimeibiwa? Askari akaniuliza kama nilijua kuwa Asnath alishanunua. Nikajibu kwamba hilo swali ni gumu. Akanionyesha benchi.

Edina kamwahidi Asnath aweke meza ya sharubati pale kona, bure, hadi atakapopata haki yake. Kwa mdomo tu! Bila maandishi! Mwanamke huyu hajui biashara.

Jumapili, 17 Agosti

Ibada nzima nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Nilikuwa mnunuzi! Faida iko kwa muuzaji.

Imran, fundi simu, anatafuta pa kuweka kibanda. Nimempangisha ile kona, tumeandikiana. Mchana kaja Mwanahawa wa chapati, naye anapataka palepale. Nimempangisha, tumeandikiana. Wote wanahamia kesho asubuhi. Atakayewahi ndiye mwenye kona, sheria ni sheria.

Edina nitamwambia wakishatulia.