Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Upasuaji wa Kwenda na Kurudi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi uliye njiani, wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi, mke wangu mpendwa ambaye ndiye mwenyekiti wa hiyo ndogo, viongozi wa dini zote, wagonjwa mliofika bila kula tangu jana kama tulivyowaagiza, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Majengo ya Afya, nasimama hapa nikiwa mnyenyekevu kuliko wakurugenzi wote walionitangulia. Nilianza kazi hii chini kabisa, nikishika ncha ya tepu ya kupimia viwanja, na leo hakuna wodi, korido wala choo cha hospitali kinachohamishwa bila saini yangu. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaupembua upembuzi wenyewe, tukaenda ng'ambo kutalii, samahani, kujifunza (kicheko) jinsi wenzetu wanavyompasua mtu asubuhi, na jioni akala kwake na wajukuu, tukarudi na ripoti nene ambayo, kwa mujibu wa takwimu, utekelezaji wake umefikia asilimia mia moja na nne. (Makofi kutoka safu ya mbele, yenye viti.)

Kituo hiki cha kisasa, chenye vyumba sita vya upasuaji, lifti na maegesho ya wateja wa hadhi, kimejengwa kwa kuzingatia teknolojia, ushirikishwaji wa wadau...

(Fundi cherehani amesimama, amemshika mama yake mkono. "Shikamoo, mheshimiwa. Mama ana mtoto wa jicho, na jicho la pili nalo linafunga. Mlisema tumlete leo, asile. Daktari yuko wapi?")

Marahaba, mwanangu. Swali zuri sana! Daktari yumo kwenye Awamu ya Pili. Mama, subira huvuta heri. Hata mimi sijatia kitu mdomoni tangu ile chai ya saa nne.

("Baba, mjukuu wangu alizaliwa macho yangu yameshaingia ukungu. Nataka nimwone sura tu, kabla giza halijaingia.")

Hoja hiyo imepokelewa na itachakatwa. Mama apewe fulana yenye picha ya jengo! (Mama anaipapasa. Makofi hafifu.)

Upasuaji! (Kwenda na kurudi!) Asubuhi! (Kisu!) Jioni! (Nyumbani!) Sikusikia! (Nyumbani!)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa namna ya pekee kocha wa timu ya mtaa kwa kutuazima uwanja huu, ambao kwenye ripoti ni ghorofa tatu. Anaomba tuondoke, vijana waanze mazoezi. Waliofunga utepe kwenye nguzo za goli waufungue taratibu, kesho nazindua kituo kingine. Na wewe mama, usinung'unike: umetoka kwako asubuhi, na jioni hii hii unarudi kulala kwako. Tuliahidi, tumetekeleza. Asanteni sana.