Macho ya Marehemu Kamugisha

Jumatatu, 9 Machi 1953

Msiba hapa Temeke. Kamugisha, karani wa bandarini, amefariki kwa homa. Mjane wake, Jovina, anataka picha ya marehemu akiwa jenezani, ampelekee mama mkwe Bukoba. Bi Kokuberwa hajamwona mwanawe miaka tisa. Jovina anasema hataamini mpaka aione sura yake.

Kazi nimepewa mimi, Nikodemu, si Benedikto wa Kariakoo mwenye taa ya kumulika. Na akome!

Jeneza liko mlangoni, limeinuliwa upande wa kichwa. Shuka jeupe linang'aa, wafiwa nyuma wako gizani. Ukifuata mwanga wa shuka, watu wanakuwa masizi. Ukifuata giza la watu, marehemu anapotelea kwenye weupe. Dawa ninayo: sahani mbili za kioo za kunasia picha. Ya kwanza upesi, kwa ajili ya marehemu. Ya pili polepole, kwa ajili ya watu. Kisha nazichapa zote kwenye karatasi moja.

Niliwaomba wasitikisike. Aliyenisikia ni marehemu peke yake. Baada ya sahani ya kwanza, shangazi Filomena akaanguka kwa kilio, akapiga teke mguu wa kamera. Nikaurudisha kwa kukadiria, nikapiga ya pili. Gaudens, mdogo wa marehemu, alipiga magoti nyuma ya kichwa cha jeneza, kaikodolea kamera macho. Safi. Jioni wakazika.

Jumanne, 10 Machi

Nimechapa. Sahani nimezilinganisha ukingo kwa ukingo, maana kamera ni ileile. Wapo wanaolinganisha pua kwa pua, msumari kwa msumari. Kupoteza muda tu, na posta inafungwa saa kumi.

Shuka linaonekana, watu wanaonekana. Marehemu kapendeza, ana uhai kabisa. Jovina alishindwa kuitazama kwa machozi. Akaitia kwenye bahasha, ikaenda.

Jumanne, 24 Machi

Gaudens kaja na telegramu, hata salamu hakunipa. Mama anasema mwanawe amemtazama kwenye picha, macho wazi. Anauliza kwa nini wamemzika mzima. Amevunja matanga, anakuja kumchukua.

Nikatoa nakala yangu. Mungu wangu! Macho ya Gaudens yamekaa juu ya kope za kaka yake, barabara. Pua za ukoo mmoja, huoni mpaka. Kosa ni la shangazi Filomena.

Jumanne, 31 Machi

Bi Kokuberwa kafika kwa treni. Kamletea mwanawe koti jipya na mkungu wa ndizi. Tukampeleka makaburini. Alikaa kwenye udongo, akauliza nani aliyemfumbua macho mwanawe. Gaudens akaninyooshea kidole. Mama hakunifokea. Alisema anaomba picha moja tu, ya macho yaliyofumba, apate kulia. Niliona aibu, nikalia mimi.

Sahani ya kwanza ninayo. Marehemu kafumba macho, safi kabisa. Ningeweza kumchapia leo hii. Lakini marehemu peke yake ni picha gani? Hata Benedikto angeiweza. Nikamwomba mama atulie palepale kaburini, nikampiga picha. Kesho nitazichapa sahani hizo mbili pamoja, nimketishe kando ya jeneza la mwanawe, kana kwamba aliwahi mazishi. Sijamwambia. Nataka afurahi mwenyewe akiiona.