Majaribio Yangu ya Kijani

Jumatatu, 6 Oktoba
Siku njema! Mama Dorika, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maji hapa Newala, katupa kazi mimi na mwenzangu Faudhia. Programu niliyoiandika itatuma ujumbe wa simu, kaya moja baada ya nyingine: zamu yako imefika, leta ndoo. Basi tena kupanga madumu tangu alfajiri! Ila kabla ya kuiwasha Jumamosi, lazima tuandike majaribio, yaani vipande vifupi vya msimbo wa kompyuta vinavyoikagua programu vyenyewe. Jaribio likifaulu, kijani. Likifeli, jekundu. Mwenye majaribio mazuri zaidi ndiye atakayeshika kipaza sauti siku ya uzinduzi.
Kipaza sauti! Nimeshampigia mama huko Lisekese. Nimemwambia atakayekishika ni mimi.

Jumanne, 7 Oktoba
Faudhia anatumia programu kubwa ya kuandikia msimbo, kompyuta yake inavuma kama mashine ya kukoboa. Mimi nimepata ndogo, nyepesi. Ukurasa mweupe tu, na mahali pa kuhifadhi vipande vya msimbo. Nimehifadhi jaribio zima kwa jina "jr". Naandika jr, nabonyeza kitufe, jaribio linachomoza kama uyoga. Jr, jr, jr! Kufika mchana nina kurasa na kurasa. Faudhia ana majaribio matatu. Nikamwonea huruma, nikamgawia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.
Jioni nikayaendesha. Mekundu. Yote! Kumbe kila jaribio linaulizia kaya ileile, ya Mzee Safari, ambaye hata simu hana.

Jumatano, 8 Oktoba
Faudhia kanishauri. Kasema jaribio ni swali: ujue kwanza unauliza nini, ndipo uandike. Nikamjibu sina muda wa maswali, nina hotuba ya kuandaa.
Halafu akili ikanijia. Mstari wa mwisho wa jr ulikuwa unakagua nani kapata ujumbe. Nikaufuta. Nikaweka: kagua kama moja ni sawa na moja.
Ni sawa! Kijani tupu, skrini nzima, kama mashamba ya mihogo ya Mkunya baada ya mvua. Mama Dorika akapita. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kijani maana yake nini. Nikasema afya. Kipaza sauti nimepewa mimi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Wivu kitu kibaya. Faudhia kaandika jaribio la kuhakikisha kaya mbili haziitwi pamoja. Jekundu. Eti kosa liko kwenye programu yangu!
"Kaka Lucian, angalia mara moja tu, nakuomba," alisema.
Nikaangalia. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikalifuta jaribio lake, nikaweka jr. Kijani. Amani imerudi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Koti. Viatu vinang'aa. Mama kaja toka Lisekese, kakaa mbele. Nikasema, "Ndugu wananchi," nikabonyeza.
Simu zote zikalia pamoja. Za pale kwenye kioski cha maji, za sokoni, za mtaa mzima. Kila kaya: zamu yako imefika! Watu wakamiminika na ndoo, madumu, toroli, mmoja na beseni la kufulia kichwani. Bibi wawili wakaoneshana simu, kila mmoja kaitwa wa kwanza. Mama Dorika akaniangalia. Hotuba yangu haikuwa na ukurasa wa hilo.
Faudhia akachukua kipaza sauti. Hakunisema hata kidogo. Akawaomba watu wavute subira, akaandika upya jaribio lake, akarekebisha mstari mmoja wa programu yangu. Kijani, safari hii cha kweli. Kina mama walikuwa wameshageuza ndoo kuwa ngoma. Ujumbe ukaanza kwenda mmoja mmoja, na kila simu ikilia, vigelegele! Aliyeitwa alicheza mpaka bombani. Mimi nikaamriwa kuwabebea wazee ndoo. Nikabeba nikicheza. Mama kasema hajawahi kuniona nimependeza hivyo.

Jumapili, 12 Oktoba
Mgongo unauma. Nimemwomba Faudhia radhi, kacheka. Kasema Mkunya nao wanataka programu hii, na majaribio tutaandika pamoja, kwa sharti moja: juu ya kila jaribio niandike kwa Kiswahili swali ninalouliza. Nimekubali kwa moyo wote. Nimejifunza!
Ila kuandika maswali kunachosha vidole. Nimehifadhi kipande kipya, "sw". Nabonyeza, kinatoka: "Je, mambo yako sawa?" Na chini yake, tayari kabisa: "Naam."
Faudhia atashangaa!