Ujumbe wa Apolonia Uliofutwa Mara Saba

Sogeeni, enyi mlao wali bila kuuliza ulilindwa na nani. Wekeni vijiko chini, punguzeni sauti ya redio, na mwenye mtoto analia amtie ziwa mdomoni, kwa sababu inasimuliwa hapa vita kuu iliyopiganwa katika bonde la Kilombero, upande wa Lumemo, kwa silaha ya kidole gumba kimoja, dhidi ya kidole gumba kingine.

Vita hiyo, kubwa kama ilivyokuwa, ilianza na kitu kidogo ambacho Apolonia peke yake alikiona. Juu ya kioo cha simu, chini ya jina la kundi, yalikuwa yakitokea maneno "Mama Evod anaandika". Yanakaa hapo muda wa mtu kutafuna pingili moja ya muwa, kisha yanazimika, na ujumbe hauji. Kesho yake tena hivyo hivyo. Mama Evod, mwanamke ambaye zamani alilijaza kundi habari za kuku wake, za goti lake na za ndoto alizoota mchana, sasa alikuwa anawaka na kuzimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Siku ya tatu akazimika Mzee Kelestini. Wiki ya pili walikuwa wamezimika wote, na Apolonia, akiwa juu ya dungu lake, kichanja cha kulindia mpunga, na simu mkononi, akatambua kwamba nchi imepata mtawala.

Na huyu Apolonia alikuwa nani? Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mjukuu wa Bibi Stefania, Apolonia wa Kombeo, Apolonia Asiyekosa, ambaye kwa bonge moja la udongo angeweza kumtungua ndege hatua arobaini, lakini hakuweza kumwambia mtu kanisani kwamba amemkanyaga. Shule aliiachia darasa la nne. Alikuwa analinda nusu eka ya mpunga wa bibi yake, na nusu eka hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Ikiliwa na ndege, wangekula maneno.

Maana katika bonde lile, mpunga unapoanza kutunga maziwa, watu hupanda madungu na kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua lizame. Na adui ni kwelea, taifa lenye midomo myekundu, ambalo hulala kwenye matete na kuamka na njaa ya milele. Kwelea hafukuzwi na mtu mmoja. Ukimfukuza peke yako, anahamia kwa jirani, anakula, kisha anarudi kwako kukushukuru. Ni lazima wenye mashamba wote wasimame mstari mmoja, wapige madebe kwa pamoja, walisukume lile wingu shamba kwa shamba mpaka livuke mto. Kwa hiyo anayewaona kwanza huwaambia wenzake. Zamani habari ilikwenda kwa ukelele, dungu kwa dungu. Simu za kupangusa zilipoingia, koo zikastaafu, na likaanzishwa kundi lililoitwa Waamiaji Lumemo.

Ndipo akaja Evod. Evod mwana wa Brigitha, mwenye cheti cha kidato cha nne, mchapaji wa barua katika duka la vifaa vya ofisi pale Ifakara mjini, alikuwa haamii ndege. Aliingizwa kundini na mama yake, akapewa usimamizi kwa sababu ndiye aliyejua unabonyezwa wapi. Siku alipopewa, alihutubia taifa.

"Ndugu wanakikundi," aliandika, "Kiswahili ni kama kanzu nyeupe, ukiimwagia mchuzi, kila mtu anaona. Nimesikitishwa na uandishi wenu. Kuanzia leo, ujumbe wowote usio na herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni na maneno kamili katikati, utafutwa bila taarifa. Asanteni kwa ushirikiano."

Ushirikiano ulikuwa mkubwa sana. Wote walinyamaza.

Basi ikafika asubuhi ya Alhamisi ile, saa moja na robo. Bibi Stefania alikuwa chini ya dungu anakoroga uji, na Apolonia alikuwa juu, kombeo begani, anatazama matete ambayo yalikuwa hatua mia mbili kutoka kwao. Shamba lake ndilo lililokuwa la kwanza upande ule. La pili lilikuwa la Mama Evod, la tatu la Mzee Kelestini, na mengine yakafuatana kuelekea mtoni. Matete yakatikisika, na upepo haukuwepo. Yakanyanyuka. Si matete yenyewe yaliyonyanyuka. Ulikuwa mgongo wa kitu cheusi, kirefu, kilichojikunja na kujikunjua angani kama shuka linalokung'utwa, kikitoa sauti ya mvua ya mbali.

Apolonia alihesabu watu aliokuwa nao: bibi mmoja, mwiko mmoja. Akashika simu. Akaandika, na historia imeyahifadhi maneno yake:

"ndege wegi xana wametoka mateteni wanakuja uko amken"

Akabonyeza. Ujumbe ukaruka. Kabla hajashusha pumzi, pakatokea mahali pale pale maandishi membamba, ya kijivu, ya msiba: "Ujumbe huu umefutwa na msimamizi Evod." Na chini yake mtawala akanena:

"Apolonia, herufi kubwa iko wapi? 'Uko' ni nini? 'Xana' ni lugha ya wapi? Rekebisha, utume upya."

Evod, ieleweke, alikuwa mjini, nyuma ya meza, na chai yake ya rangi na maandazi mawili. Alisoma herufi moja moja kama mchunguzi wa chawa, na maana ya maneno ilimpita pembeni kama mtu asiyemfahamu.

"Umeshawaambia?" Bibi Stefania aliuliza kutoka chini.

"Nimewaambia, bibi. Wamefuta."

"Wamefuta nini, ndege?"

"Maneno."

"Sasa maneno yanafutwaje, na umeshayasema?"

"Evod anafuta. Anasema nimekosea kuandika."

Bibi Stefania alisimamisha mwiko. "Evod huyu wa Brigitha? Huyu niliyemtawaza mimi mpaka anakwenda darasa la kwanza bado hajui kujitawaza? Mwambie bibi yako anasema ndege wanakuja."

"Nikimwambia hivyo atafuta, bibi."

"Basi mwandikie vizuri huyo mheshimiwa, tusife njaa."

Apolonia akatii, na utii ule ndio uliomponza. Aliweka N kubwa baada ya kuitafuta kwa muda. Akafikiri kama ni "wengi" au "wegi", akaliandika, akalifuta, akaliandika. Simu nayo ikaanza kumpendekezea maneno ambayo hakuwahi kukutana nayo. Na wakati anafikiri, lile shuka jeusi lilitua kwenye pembe ya nusu eka ya bibi yake, na mabua yote ya pembe ile yakainama kwa pamoja. Kila herufi aliyoitafakari ilikuwa kikombe cha wali. "Huko" peke yake ilikula chakula cha Pasaka.

Akatuma. Ukafutwa.

"Nukta," akaandika Evod. Neno moja tu, na lenyewe lilikuwa na nukta.

Hapo, enyi wasikilizaji, palitokea jambo ambalo bonde halijapata kuliona. Damu ilimpanda Apolonia mpole, Apolonia wa benchi la nyuma, ikampanda toka nyayoni mpaka kwenye kidole gumba. Hakutafuta herufi kubwa tena. Aliandika vile vile kama mara ya kwanza, akaongeza "wapo kwagu tayari", akatuma. Ukafutwa. Akatuma. Ukafutwa. Alituma kama mtu anayetwanga, na Evod akafuta kama mtu anayefagia chini ya kinu, gumba kwa gumba, mji kwa shamba, na katikati yao minara ya simu ikipitisha makombora yale bila kujua aibu. Mara ya tano ukafutwa. Mara ya sita ukafutwa, na Evod akaonya kwamba atamtoa kundini kwa utovu wa nidhamu. Mara ya saba ukafutwa.

Lakini kila ujumbe, hata wa kufutwa, hulia unapoingia. Katika madungu kumi na moja simu zililia na kulia, mifukoni, kwenye vikapu, ndani ya sufuria tupu, mpaka watu waliozoea ukimya wa wiki nne wakazitoa waone ni msiba wa nani. Waliona safu ya makaburi: umefutwa, umefutwa, umefutwa. Na jina ni la Apolonia, msichana ambaye katika mwaka mzima alikuwa ameandika mara mbili, zote mbili pole ya msiba.

Akatuma mara ya nane. Na papo hapo, chini ya jina la kundi, yakawaka: "Mama Evod anaandika". Apolonia aliyatazama. Ndege walikuwa wanatafuna, uji ulikuwa unaungua, na maneno yale yaliendelea kuwaka, pingili ya kwanza ya muwa, ya pili, ya tatu, na hayakuzimika. Kisha ikaingia radi:

"we evodi acha ujiga wako ndege wamefika kwagu na mm nawaona ukifuta tena apo ntakuja uko mjini nikuchape mbele ya wateja wako"

Haina herufi kubwa. Haina nukta. Ilikuwa na makosa ya kutosha kufuta darasa zima. Kidole gumba cha Evod, kilichowashinda waandishi wote wa Lumemo, kiliinuka, kikakaa hewani, na kwa mara ya kwanza tangu kipewe madaraka, mwenye kidole akarudi nyuma akasoma ujumbe wa Apolonia kwa maana yake. Shamba la pili. Mpunga uliokuwa unamfikia mjini kila Jumapili ukiwa wali ndani ya hotpoti. Kidole kikashuka taratibu mezani, karibu na andazi.

Na bwawa likapasuka. "nakuja na debe" akaandika Mzee Kelestini. "cc 2po njiani" wakaandika wa shamba la nne. Kuna aliyeandika "amken amken" na kuna aliyetuma picha ya jogoo, naye akaeleweka. Watu waliteremka madunguni na mabati, masufuria, mifuniko, na mmoja na kengele ya mbuzi. Wakajipanga toka mateteni. Na Apolonia akapewa nafasi ya katikati kwa kuwa kombeo lake halikosi. Walilisukuma lile taifa lenye midomo myekundu kwa Mama Evod, kwa Kelestini, kwa wa nne, kwa wa tano, kwa kelele ambayo hata samaki waliinamisha vichwa, mpaka likavuka mto Lumemo na kuwa tatizo la watu wengine.

Hasara ilipimwa kwa hatua. Bibi Stefania alikuwa amepoteza pembe moja, kiasi cha magunia mawili hivi. Kilichobaki kingewafikisha mwisho wa mwaka, kama wageni hawatakuwa wengi.

Saa nne, bodaboda ilimshusha Evod ukingoni mwa shamba akiwa na viatu vya kuchonga, ambavyo tope lilivipokea kwa heshima zote. Aliwaamkia wazee shikamoo, mmoja mmoja. Waliitika marahaba, mmoja mmoja, polepole, bila kumpunguzia hata moja.

Mzee Kelestini alipanda juu ya debe lake. "Waamiaji," alisema, "mimi nimeona mafuriko matatu na wenyeviti saba. Sijaona kama leo. Ujumbe wa binti huyu ulifutwa mara saba na wa nane ukasimama, na upo mpaka sasa hivi, nimeuangalia, haujaenda popote. Wajukuu zenu wakiuliza mwaka huu uliitwaje, waambieni ni Mwaka wa Ujumbe wa Nane. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye uji alete."

Evod akakohoa. Alikuwa ametunga hotuba njiani. "Wazee wangu, mama zangu. Nimetafakari. Kuanzia leo natangaza rasmi kwamba jumbe za dharura, nasisitiza dharura, zinazohusu ndege, zitaruhusiwa kuwa na makosa madogo madogo."

"Umemaliza?" mama yake aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Haya, kavue hivyo viatu, kuna debe pale."

Watu wakacheka, wakaanza kugeuka kurudi madunguni kwao, na vita ingeishia hapo kama vita nyingi zinavyoishia, mshindi akiwa na njaa na aliyeshindwa akiwa na tope. Lakini Apolonia alikuwa hajageuka. Alisimama mbele ya watu kumi na wanne, idadi ambayo hajawahi kuwa na sauti mbele yake, akilikunja na kulikunjua kombeo.

"Kaka Evod."

Wakasimama wote.

"Na ambazo si za dharura?" alisema. "Kila siku asubuhi nikishapanda juu huwa nawaandikia shikamooni, mmeamkaje huko. Halafu naisoma, naona utaikuta na makosa. Naifuta mwenyewe."