Mizani Nane kwa Nane, Maktaba ya Woolwich

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Hakuna mtu Woolwich nzima anayeujua ushairi wa kale wa Kiingereza kunishinda. Haya, si kweli. Nimeusikia leo tu, darasani hapa maktabani, na nusu nilisinzia. Ila binti yangu Maimuna nimemwambia mimi ndiye malenga wa darasa. Ningefanyaje? Anataka kunipeleka kituo cha wazee Stratford, nikapigishwe makofi na kuimbishwa. Akasema sawa Baba, Jumamosi ya tarehe 18, darasa litakaposomea watu mashairi, anakuja kunisikia. Kumbe siku hiyo msomaji ni mmoja tu, na mwalimu wetu Armelle bado hajamchagua.

Alhamisi, 9 Oktoba
Armelle anasema Waingereza wa zamani hawakujali vina vya mwishoni. Mshororo waliukata vipande viwili, wakavifunga kwa sauti za mwanzo wa maneno: b kwa b, s kwa s. Wakaja watawala wenye Kifaransa na vina vyao, mtindo ukafifia. Karne ya kumi na nne ukaamka tena huko kaskazini na magharibi, kisha ukalala. Siulaumu. Nami niko vivyo hivyo baada ya chakula.
Lakini vipande viwili? Hiyo kazi ya kwetu Mombasa. Nimeketi nikahesabu mizani, nane kwa nane, b tupu. Vina nimewaongezea bure.

Jumanne, 14 Oktoba
Siku ya mchujo. Mpinzani wangu Harjit, fundi umeme mstaafu wa Southall, mzaliwa wa Nakuru, kasahau miwani. Nikamwazima yangu, nikijua haitamfaa. Karatasi hakuitazama hata. Alighani kwa moyo, akipiga meza kwa ngumi: mapigo mawili, kimya kidogo, mapigo mawili. Darasa zima likatikisa vichwa kufuata mapigo. Akakaa, miwani yangu usoni. Mimi nikasoma kwa kubahatisha. Armelle akaniambia, kwa upole wa muuguzi, kwamba nimehesabu silabi zote, na Waingereza wenyewe walihesabu mapigo mazito tu; b zangu nyingi zimeangukia pasipo na uzito. Harjit akaninong'oneza, "Mzee, umepima maziwa kwa rula." Kachaguliwa yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba
Maimuna kaomba ruhusa kazini. Kanunua na viatu. Sijamwambia kitu. Nimechoka, lakini shairi nimelirekebisha: mizani bado nane kwa nane, maana hao Waingereza walikosea toka mwanzo, ndiyo sababu mtindo ukawafia. Nimemwandikia Harjit: Bwana, nilikuazima miwani bila kuombwa mara mbili. Nawe Jumamosi niazime dakika zako mbili mbele ya binti yangu. Sema tu sauti imekukauka.